Bakuli Lililorudi Limejaa

Msomaji mmoja ameniandikia kunikaripia. Anasema mke mwenye heshima zake hamfuati mumewe kwa gari kama askari kanzu. Namwomba anisamehe, lakini nilikuwa nimeshamfuata. Wiki iliyopita niliishia kwenye maegesho ya magari ya chuo, kioo cha mbele kimejaa ukungu, na Arvid wangu anaingia mlango wa nyuma wa jengo la kemia pamoja na mwanamke mwenye koti jekundu.

Kwa aliye mgeni wa habari hizi, niseme kwa ufupi. Mume wangu, marehemu Arvid Tveit, alikuwa mwanasayansi. Ujana wake wote aliumalizia kuchunguza jinsi maji yanavyogeuka kuwa barafu, kazi iliyo nusu kemia na nusu fizikia, na ambayo haikumpa ajira ya kudumu. Binti yetu alipozaliwa, Arvid akaingia kampuni moja ya fedha hapa Chicago. Hesabu zile zile za barafu akazitumia kukadiria hatari ya soko la hisa kuanguka. Akakaa huko miaka mingi, kisha akagombana na wakubwa zake, akaacha.

Lakini katika biashara ile mtu haachi kazi akajiendea zake. Mkataba unamtaka akae nyumbani mwaka mzima, analipwa, asimfanyie kazi mtu yeyote, mpaka yale anayoyajua yachakae. Wenyewe wanaiita likizo ya bustani. Akikamatwa anafanya kazi, kampuni inamshtaki, na kila alichowahi kubuni kinakuwa mali yao. Hata barafu ya ujanani mwake.

Sasa Arvid, kila Jumanne na Ijumaa, alikuwa akiniaga kwamba anakwenda kutazama mbegu za nyanya.

Mwezi wa Januari.

Hapo ndipo nilipozima gari nikashuka.

Mlango wa nyuma haukuwa umefungwa. Nilifuata sauti zao kwenye ukumbi mrefu mpaka chumba cha mwisho, nikasukuma mlango bila kubisha. Baridi iliyonipokea ilikuwa kali kuliko ile niliyoiacha nje. Arvid alikuwa amevaa kofia ya sufu na glavu nene, kama mtu anayevua samaki kwenye ziwa lililoganda.

"Marlys!"

"Endelea tu," nikasema. "Nimekuja kuchagua nyanya."

Yule mwanamke wa koti jekundu akaangua kicheko. "Arvid, ndiye huyu? Unavyomwogopa, nilidhani ana futi saba!"

"Na wewe ndiye nani, mama?"

"Lucinda Barragán. Nilisoma naye. Meza moja, mwalimu mmoja, njaa moja. Usinitazame hivyo, dada. Mumeo nilimjua akiwa bado ana nywele, na hata wakati huo sikumtaka."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ni vigumu kumkasirikia mtu anayekutania huku midomo yake imegeuka buluu kwa baridi.

Ndipo nikaliona.

Katikati ya meza, kati ya mashine na nyaya, lilikuwepo bakuli la kioo la mstatili, lenye pengo dogo ukingoni. Nililitia pengo lile mimi mwenyewe, kwenye bomba la sinki langu.

"Arvid. Hilo bakuli."

Akakohoa. "Nilikusudia kulirudisha."

"Uliniambia limepotelea jikoni kanisani! Siku ya mazishi ya jirani yetu Halvor!"

"Ni kweli nilikusudia kulipeleka kanisani..."

"Nimemnunia Ardis tangu Krismasi kwa sababu ya bakuli hili! Mama wa watu ananisalimia, mimi natazama dari!"

"Ardis ni nani?" Lucinda akauliza.

"Mwizi," Arvid akasema. "Ila naona kesi imefutwa."

Lazima nieleze kidogo hapa. Kwetu Minnesota, tulikozaliwa mimi na Arvid, mtu akifiwa au akiugua, majirani wanampelekea hotdishi: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi juu, vyote vimeokwa katika bakuli moja. Chini ya bakuli unabandika utepe wa karatasi wenye jina lako ili lijue njia ya kurudi nyumbani. Na aliyepelekewa halirudishi tupu. Analijaza chakula chake. Hakuna anayefundishwa haya, mtu anakua nayo. Kwa hiyo kupoteza bakuli si jambo dogo, na kulisingizia kanisa ni jambo kubwa.

Niliinama nikachungulia chini yake. Utepe ulikuwepo, na jina langu kwa mwandiko wangu: M. Tveit.

Lakini ndani hamkuwa na chakula. Mlijaa barafu iliyosagwa na chumvi, na katikati ya barafu vilisimama vichupa vidogo vya kioo. Kila kimoja kilikuwa na kizibo, na juu ya kizibo nta nyekundu iliyopigwa muhuri.

Arvid alikiinua kimoja kwa koleo, taratibu, kama mtu aliyeshika yai la ndege.

"Unaona nini?"

"Maji."

"Yana baridi kupita barafu, Marlys. Yalitakiwa yawe yameganda zamani. Bado ni maji."

"Yanasubiri nini?"

"Kitu cha kuanzia. Hata punje ya vumbi. Yakiipata, yanaganda yote kwa mpigo mmoja." Akakirudisha kichupa mahali pake. "Soko nalo ni hivyo hivyo. Linakaa limetulia, kila mtu anasema ni maji. Wakubwa walitaka niandike kwamba haliwezi kuganda. Nikawaambia, siandiki."

Hakuwahi kuniambia hayo kwa uwazi namna hiyo. Nyumbani alikuwa akisema tu kwamba wamekosana.

Lucinda akagusa nta kwa ncha ya kidole. "Huu ni muhuri wa Profesa Ostrander, mwalimu wetu. Yeye na Arvid waliyasafisha maji haya kwa miezi mingi, wakavifunga vichupa pamoja. Profesa akafariki kabla Arvid hajakanyaga kampuni. Umenielewa, dada?"

"Sijakuelewa."

"Kampuni ikidai barafu ni yao, vichupa hivi ndivyo vitakavyowafunga midomo. Marehemu hawezi kupiga muhuri kutoka kaburini. Ila visifunguliwe tu. Ukifungua, vumbi limeingia, maji yamekuwa maji ya bomba, na muhuri umekwisha."

"Kwa hiyo unafanya kazi," nikamwambia Arvid. "Mkataba unakukataza, na wewe unafanya."

"Natazama. Kutazama si kazi."

"Kamweleze wakili hivyo."

Akacheka, akanivika kofia yake. Ilikuwa na harufu yake. Ninayo mpaka leo, lakini harufu imekwisha.

Basi mwanamke hakuwa mwanamke, alikuwa barafu. Nilitembea ukumbini kurudi kwenye gari mwili umekuwa mwepesi. Lucinda akanisindikiza, na tulipofika mlangoni akanishika mkono.

"Ila na wewe, dada. Ulipopiga simu asubuhi, si ungesema tu kwamba unakuja?"

"Simu gani?"

"Ulipiga ofisini kwangu. Ukauliza Arvid anafika saa ngapi, na kama huwa anakula mchana."

"Sijapiga simu popote."

Akaniachia mkono. "Alisema, mimi Marlys, mke wake. Sauti ya mwanamke, ya upole kabisa."

Tukatazamana. Nje, watu walikuwa wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari yao, na kila mmoja aliyeinua kichwa nilimwona ananitazama mimi.

"Ufunguo wa chumba kile anao nani?" nikauliza.

"Mimi na mumeo. Basi."

"Umwambie na yeye habari ya simu."

"Nimeshamwambia. Akasema ni wewe tu, una wivu."

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikitazama kioo cha nyuma kuliko barabara. Gari moja la kijivu lilinifuata mpaka kwenye taa za duka la dawa, likakata kona likaenda zake. Huenda lilikuwa gari la mtu anayekwenda kununua dawa. Siku zile sikuweza tena kuona gari likawa gari tu.

Jioni nilimwambia Arvid wazi: mtu anajifanya mimi. Akaacha kutafuna.

"Kampuni," akasema. "Wanatafuta ushahidi."

"Basi usirudi kule Ijumaa."

"Sirudi."

"Na vichupa?"

"Vimefungiwa. Viko salama kuliko sisi." Akanipiga piga begani. "Kesho nakwenda kwa daktari wa meno, kwa hiyo usinifuate. Hakuna wanawake pale, kuna yule mzee mwenye mikono ya baridi."

Jumatano akaenda, akarudi. Nilimuuliza kama ametobolewa jino, akasema ametobolewa. Nikampa kahawa ya moto, akainywa. Nikampa biskuti ngumu za mama yake, akazitafuna pande zote mbili. Sikulitia maanani. Nilikuwa nikiangalia dirishani kama gari la kijivu lipo.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, wakati ambao sisi watu wa Minnesota tunakula, kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Desmond Pruitt. Desmond na Arvid walikaa meza jirani kwenye kampuni tangu siku ya kwanza, na yeye bado alikuwa huko. Ni mtu wa California, mrefu, mcheshi, anayevaa viatu vya kitambaa kwenye theluji na kulalamika kwamba theluji imemkosea. Mikononi alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo.

"Shemeji! Nipishe, naungua! Beryl kaniambia kikifika kimepoa nisirudi nyumbani."

"Beryl amepika?"

"Mimi sijui, mimi ni tarishi. Kanikabidhi mlangoni, kasema mpelekee Marlys, usikitikise."

Beryl, mkewe, ni wa Wisconsin, jirani zetu wa mpakani. Nikafurahi. Nikafikiri, angalau kuna mtu anayejua kwamba nyumba hii ina msiba, japo hakuna aliyekufa.

Nikakiweka mezani vile vile na taulo lake, nikafunua juu tu. Hotdishi, viazi vimekauka vizuri kwa rangi ya dhahabu. Arvid akaja, akavuta kiti.

"Mtu wa kampuni anamletea chakula msaliti?"

"Msaliti naye ana tumbo," Desmond akasema. "Kula, mzee. Umekonda. Bustani inakutesa."

"Nyanya zinataka moyo."

Wakacheka wote wawili. Nilicheka nao, na niliona raha, kwa sababu kicheko cha Arvid kilikuwa kimeadimika. Tukala. Desmond akapakua mara ya pili, kisha akafuta mdomo, akaweka mikono yake mezani.

"Sasa, shemeji, nina neno. Afadhali ulisikie kwangu."

"Sema."

"Jumatatu mawakili wa kampuni watakuita. Peke yako."

"Mimi? Mimi nahusika na nini?"

"Swali moja tu, na utaliapia. Mume wako huwa anakwenda wapi."

Nilimtazama Arvid. Alikuwa anaangalia sahani yake.

"Na nikisema sijui?"

"Ukisema hujui, na wao wakawa wanajua kwamba unajua, hapo ndipo pabaya. Watasema mmeshirikiana. Barafu yake yote itakwenda. Jina lake halitabaki hata kwenye ukurasa mmoja." Akainua kijiko. "Nakwambia kama ndugu."

"Asante," nikasema. Lakini nilijiuliza: ndugu huyu, anayekula mshahara wa kampuni, alijuaje swali watakaloniuliza?

Nikanyoosha mkono kumwongezea chakula ili nisionyeshe uso. Bakuli lilikuwa limebaki nusu. Taulo liliteleza, kona moja ikawa wazi.

Kwenye kona kulikuwa na pengo.

Nikasema moyoni, mabakuli yenye mapengo ni mengi. Nikajifanya nalisogeza karibu na Desmond, nikaliinua upande mmoja, nikachungulia chini. Utepe. M. Tveit. Mwandiko wangu, na herufi ya mwisho imefifia kwa maji.

Jumanne nililiacha bakuli lile kwenye chumba cha baridi, limejaa barafu na vichupa. Alhamisi lilikuwa mezani kwangu, limejaa viazi.

Niliinua macho, na kumbe Arvid naye alikuwa ameliona. Uma wake ulikuwa umesimama njiani, kati ya sahani na mdomo. Uso wake ulikuwa umepauka. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Desmond.

Desmond akatazama bakuli. Akalitazama tena. Kisha akaweka kijiko chini polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote.

"Beryl," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea.

"Beryl amefanyaje?" nikauliza.

"Anapika vizuri," Arvid akadakia. "Mwambie anapika vizuri sana."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo hii hii."

"Ndiyo, naondoka sasa hivi."

Alisahau skafu yake. Alitembea kwenye theluji na vile viatu vya kitambaa bila kulalamika, akawasha gari, akaondoka kwa kasi ambayo watu wa California hawaithubutu kwenye barafu.

Nilipogeuka kutoka mlangoni, Arvid alikuwa ameshabeba bakuli kwenda jikoni.

"Acha, nitaosha mimi," nikasema.

"Umechoka. Leo naosha mimi."

Katika ndoa yetu yote Arvid alikuwa ameosha mashine za maabara na pengine gari, lakini bakuli la kuokea, hapana. Nilimwacha kwanza nikamsikiliza. Maji yalifunguliwa. Maji yakafungwa. Nilipoingia, chakula kilichobaki kilikuwa kwenye sahani, bakuli limeinamishwa kwenye kitambaa, linachuruzika. Chini yake hapakuwa na utepe. Palikuwa na alama tu ya gundi, na ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa na uchafu mweupe wa karatasi.

"Bakuli zuri la Beryl," akasema. "Nitalirudisha mwenyewe."

Angesema, Marlys, nimeshtuka, bakuli lako limefikaje kwa Desmond, ningemkumbatia. Tungeogopa pamoja. Lakini alisema bakuli la Beryl, akijua kwamba pengo lile naweza kulitambua hata gizani kwa kidole. Ama aliniona mjinga, ama alikuwa ameogopa kiasi cha kusahau mimi ni nani.

Nikasema nakwenda kumpigia Beryl kumshukuru. Hilo nalo ni la kwetu, chakula hakilali bila shukrani, kwa hiyo hakuweza kunizuia. Nilichukua simu ya chumbani, nikafunga mlango.

"Mwenzangu!" Beryl akapokea. "Kimefika cha moto?"

"Cha moto kabisa. Umenipa raha. Ila umejisumbua bure."

"Sikujisumbua. Niliona jina lako chini nikaona haya! Nikasema, lini Marlys alituletea chakula nisimrudishie bakuli? Nilikuwa na mafua wiki zile, nikafikiri labda Desmond alikula peke yake akanificha."

"Ulilikuta wapi?"

"Kwenye gari la Desmond, nyuma, chini ya blanketi. Nilikuwa natafuta koleo la theluji."

Niliisikiliza sauti yake. Ilikuwa ya upole. Nilijaribu kuisikia ikisema, mimi Marlys, mke wake. Sauti yoyote ya upole inaweza kusema hivyo.

"Lilikuwa tupu?" nikauliza.

"Hata. Lilikuwa na barafu imeyeyuka, maji ya chumvi yamemwagikia zulia la gari. Na vichupa. Vizuri sana, Marlys, siku hizi hawatengenezi vichupa kama vile. Nta yake ilinisumbua, nikaikwangua kwa kisu."

Nikakaa kitandani.

"Na vilivyokuwa ndani, Beryl?"

"Maji tu. Nikamwaga kwenye sinki. Vichupa nimevichemsha, viko dirishani, nataka kutilia viungo. Kwani vilikuwa dawa? Usiniambie vilikuwa dawa!"

"Hapana," nikasema. "Maji tu."

"Afadhali! Maana nilimwita Desmond nimuulize, lakini wakati ule walikuwa wamejifungia gereji, nikaona nisiwasumbue."

"Walikuwa wamejifungia nani?"

"Si yeye na Arvid? Jana mchana. Arvid hakukwambia alikuja? Nilimpa hata supu."

Jana ilikuwa Jumatano.

Sikumbuki nilivyomuaga Beryl. Nakumbuka nilibaki nimeshika simu, na kwamba nje theluji ilikuwa imeanza tena, na kwamba nilimhurumia Ardis wa kanisani, mama wa watu, niliyemwita mwizi moyoni tangu Krismasi.

Funguo zilikuwa mbili. Lucinda alikuwa na wake, Arvid na wake. Lucinda ndiye aliyesema vichupa vile ni ngao ya Arvid, na Arvid ndiye aliyekuwa gereji kwa Desmond siku ngao ile ilipofichwa chini ya blanketi. Je, alivipeleka mwenyewe kwa kampuni? Aliuza? Alitishwa? Au Lucinda ndiye aliyeiba, na Arvid akaenda kuomba arudishiwe? Kila nilipompata mwenye hatia, uso wa pili ulijitokeza nyuma yake.

Na maji yenyewe, yaliyokataa kuganda tangu ujana wa mume wangu, yalikuwa yameshuka kwenye bomba la sinki la Beryl Pruitt pamoja na maganda ya vitunguu.

Arvid alibisha mlango. Hakuwahi kubisha mlango wa chumba chetu.

"Beryl anasemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Vichupa vimefunguliwa, Arvid. Nta imekwanguliwa kwa kisu. Kila siku tangu nimzike narudi kwenye dakika ile.

"Anasema aliogopa viazi visiungue," nikasema.

Akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyesamehewa.

"Hakusema lingine?"

"Lingine kama lipi?"

"Lolote."

"Hakusema." Nikaweka simu mahali pake. "Jino lako vipi?"

"Jino gani?"

Nadhani alilisikia mwenyewe lilipotoka. Mkono wake ulikwenda shavuni, ukachagua upande mmoja, ukabadilisha.

"Aa, jino. Limetulia."

Akatabasamu, akazima taa ya ukumbini, akateremka kusikiliza habari za soko kwenye redio, kama kila jioni.

Nilibaki kitandani nikiwaza Jumatatu. Tangu Desmond aseme, nilikuwa nimeshaamua: wakiniuliza mume wangu anakwenda wapi, nitaweka mkono wangu juu ya Biblia na kuwaambia uongo. Nitasema sijui.

Sasa sikuwa na haja ya kusema uongo.